Naombeni ushauri wakuu: nimepewa kuandika wasifu wa bibi, tunazika Jumamosi Old Moshi na familia haielewani

mjukuu_wa_kihambani
Wakuu habari za jioni. Bibi yetu mzaa baba ametutoka, tunamzika nyumbani kihambani (shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba), na kikao cha familia kimenitwisha mimi wasifu eti kwa vile ndo nina laptop na ndo ninayejua kuandika andika. Nikajua ni kazi ya usiku mmoja, kumbe nimeingizwa kwenye kesi.

Ya kwanza ni umri. Baba mdogo anataka tuseme bibi kafikisha miaka 100 na fulana kashaagiza zenye 100 mgongoni. Kitambulisho cha bibi kinasema 1938, baba mkubwa anasema hapana alizaliwa kabla ya hapo. Bibi mwenyewe ukimuuliza alikuwa anakujibu vita ya Hitler ilimkuta anachunga mbuzi na Uhuru ulimkuta na mtoto wa tatu mgongoni, basi mahojiano yameisha nenda kakate majani.

Ya pili ndo nzito. Rasimu aliyoniletea baba mdogo ina ukurasa mzima wa vyeo vya watoto, nani mkurugenzi, nani yuko Marekani, nani ana digrii ngapi, halafu bibi kaandikiwa mstari mmoja, "alikuwa mama wa nyumbani mcha Mungu". Mama wa nyumbani jamani! Huyu mama mpaka amevuka themanini alikuwa anaamka kabla ya jogoo kulisha ng'ombe, msimu wa kilimo anashuka shamba la chini huko tambarare kupalilia mahindi, anarudi anapanda mlima na mzigo wa mabua juu ya ngata na njiani anasimama kumsema mtu ambaye hajasafisha mfongo (mfereji wa maji ya shamba) upande wake. Wajukuu tukipanda Krismasi tunachoka sisi. Siku za soko anashuka Kiboriloni na ndizi, na enzi zile ni kwa miguu.

Sasa juzi shangazi kafungua sanduku la bibi, tukakuta daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani ni mauzo ya ndizi miaka na miaka. Mikungu kaichorea vimstari, vinne vimesimama wa tano unavikata, ndizi za mshare peke yake, za kisukari peke yake, wanaodaiwa kawaandika kwa majina ya watoto wao, mama fulani chane mbili, akilipa anakwangua na wembe. Na kila baada ya kurasa kadhaa kuna neno ADA na jina la mtoto, limezungushiwa duara. Jina linalojirudia kuliko yote ni la baba mdogo, kwa sababu hakuchaguliwa serikalini akapelekwa sekondari ya binafsi. Na ni huyo huyo kwenye rasimu yake kaandika "marehemu baba alitusomesha wote kwa kahawa". Sisemi babu hakufanya kitu, kahawa ilijenga nyumba na ilisomesha wale wakubwa, ila wanaoijua kahawa ya Kilimanjaro wanajua pesa ilikuwa inakuja kwa awamu, malipo ya kwanza leo, nyongeza ukiwa umeshasahau, na shule haisubiri nyongeza.

Halafu kuna mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Bibi alipika mbege ya kuuza miaka mingi tu, na wakati huo huo ni kiongozi wa akina mama usharikani. Hii inaandikwaje mchungaji akiwa amekaa pale mbele? Nisaidieni, Ijumaa asubuhi kitabu cha ibada kinaenda kuchapwa.

Sale_bichi
Pole sana mangi. Umri usiwasumbue, bibi kashawapa jibu. Uhuru ni Desemba 1961, mtoto wa tatu yuko mgongoni, kwa wasichana wa enzi zile hapo ana ishirini na kitu. Angekuwa na 100 leo ina maana Uhuru ulimkuta na thelathini na tano au zaidi na ndo kwanza mtoto wa tatu, mama wa Kichagga wa miaka hiyo? Na vita ni 1939 hadi 1945, anachunga mbuzi, sio mtoto wa kubebwa huyo. Mi namweka kati ya 1932 na 1937, rika moja na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliyoandikishwa 1933. Kesho asubuhi mtu aende usharika aliobatizwa aombe kitabu cha ubatizo, Old Moshi walikuwepo wamisionari wa Leipzig na wale watu walikuwa wanaandika kila kitu. Kisipopatikana wekeni mwaka wa kukadiria msalabani bila tarehe, na fulana zivaliwe tu nani atahesabu.

mama_wawili_Majengo
Pole mdogo wangu. Mimi naona wote mnagombania mambo ya huku alikoolewa, je kwao mmewaandika? Wajomba wa baba yako watakuja, watakaa kimya wanasikiliza ukoo wao unatajwa au hautajwi, na usipotajwa utalisikia hilo kila msiba mpaka uzeeke. Anza na alikozaliwa, baba yake, mama yake, ndugu zake waliohai na waliotangulia, ndo uje kuolewa.

Ngosha_Original
Yaani Wachagga hata msibani mnakagua vitabu vya mahesabu 😂 pole lakini mkuu, bibi alikuwa mhasibu huyo.

Kaka_wa_Uru
Mi nitakuwa tofauti kidogo. Daftari ni zuri sana ila ukilisoma mbele ya watu baba yako mdogo akiwa hajaliona utakuwa umemvua nguo msibani na hatakusamehe. Kamwonyeshe leo, wawili tu, usimwambie kitu, mpe daftari ashike mwenyewe aone jina lake. Kwenye wasifu andika "kwa ndizi na maziwa yake aliwalipia watoto ada" na ya babu andika kwa kahawa yake. Wazee wote wanajua kihambani kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa ya mama, sio siri wala tusi.

Kidali_cha_ndafu
Mbege andika "alijishughulisha na biashara ndogondogo". Msiba mzima utacheka kwa ndani, na mchungaji naye kazaliwa huko huko.

shangazi_wa_Machame
Hapana jamani, tumezidi kuficha. Ulezi aliuloweka yeye, ndizi kazipika yeye, moshi kaumeza yeye, leo mnaona haya kuitaja? Iandikwe mbege.

MC_Mtulivu
Nimeongoza misiba mingi Moshi na Arusha, ukweli ni kwamba kwenye ibada utapewa dakika tano na ukizidisha mwinjilisti anakohoa. Kwa hiyo andika mbili. Ya kusoma iwe fupi, kuzaliwa, ndoa, watoto, kazi zake, maradhi sentensi moja tu msianze kulaumu madaktari, na idadi ya wajukuu na vitukuu mhesabu vizuri maana ndipo ugomvi huanzia. Ile ndefu iingie kwenye kitabu cha ibada na ukurasa mmoja wa daftari uupige picha uweke. Vyeo vya watoto vinakaa kwenye salamu za familia huko mbele, sio kwenye maisha ya mama. Na jioni hizi wakati watu wamekaa matanga washa simu uwarekodi mashangazi, wakishatawanyika Jumapili hamtawapata tena.

mjukuu_wa_kihambani
Asanteni sana wakuu, mrejesho. Kitabu cha ubatizo kimepatikana, kabatizwa mtoto mchanga 1935, kwa hiyo Sale_bichi hongera na baba mkubwa naye anatamba. Kwao tumewaweka juu kabisa. Baba mdogo nimempa daftari, kakaa nalo nje kwenye benchi, akarudi akasema andika ndizi, ila na yeye anataka iandikwe kwamba likizo alikuwa anambebea mikungu mpaka Kiboriloni. Nimeandika, ni kweli alibeba. Vyeo vimeenda kwenye salamu. Mbege bado, kura za mashangazi na kura za akina baba zimefungana na mama mchungaji kasema yeye hapigi. Fulana ndo hivyo zimeshachapwa. Mwenye namba ya mtu wa kuchapa vitabu vya ibada mjini ambaye hachelewi anitumie PM, tunataka kopi 300.