MREJESHO: Niliyeuliza kuhusu kuomba mtoto bila kujibiwa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Niliuliza kama niendelee kuomba mtoto ilhali miaka inapita na Mungu yuko kimya. Mtoto bado hatujapata. Ila naomba tena. Aliyenielekeza Zaburi ya 88, ubarikiwe sana: inaishia gizani, bila jibu lolote, na bado imo kwenye Biblia! Kumbe mtu anaruhusiwa kumlilia Mungu hivyo. Hata Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini, yaani taabu iliyomtesa, umtoke, haukutoka. Jumapili baada ya misa hapa Bagamoyo nabaki kanisani na mume wangu, tunaisoma zaburi hiyo kwa sauti. Kliniki ya kutafuta mtoto pia tunaendelea, wote wawili. Walioniambia imani yangu ni ndogo waliniumiza, na maneno hayo siyafuati. Mzidi kutuombea.