Naomba ushauri: matumizi ya nyumbani, dola au faranga?

Habari zenu ndugu wa Lubumbashi, na shikamooni wakubwa.

Mimi na mume wangu ni Watanzania, tumehamia huku Kongo kutoka Mbeya kwa ajili ya kazi yake. Tunaishi komini ya Kenya, sehemu ya mji hapa hapa Lubumbashi (mama mkwe mpaka leo anajua tuko Nairobi).

Kinachotugombanisha ni pesa. Mshahara unakuja kwa dola na kodi ya nyumba ni dola, ila unga, makala (mkaa) na lengalenga (mchicha) nanunua kwa faranga za Kongo. Mume anataka tubadilishe zote ziwe faranga mwanzo wa mwezi, hesabu iwe moja. Mimi sitaki. Faranga ikishuka, unga unaopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia unapanda bei, na faranga zilizoko kabatini haziongezeki.

Basi tukaanza kubadilisha kidogo kidogo kwa vijana wa barabarani. Hapo noti ndiyo ikawa kesi. Kijana aliinua noti yangu ya dola 20 juani, akapitisha ukucha pembeni, akanionyesha mchaniko usiozidi punje ya mchele. Akanirudishia. Dukani nako wameikataa, na jirani ananiambia niiuze kwa hasara. Dola 20 nzima jamani!

Naomba kujua: wenye mshahara wa dola, mnabadilisha kwa wiki au kwa mwezi? Na noti yenye mchaniko mdogo inapokelewa wapi bila kukatwa sana?

Natanguliza shukrani.