Tupeane uzoefu: siku kompyuta yako mwenyewe ilipokukatalia

Wakuu, heshima kwenu. Mashine yangu, akaunti ya admini, lakini jana nimehangaika saa mbili kufuta folda moja kwenye Windows. Naambiwa niombe ruhusa kwa TrustedInstaller. Ndiye nani tena huyo? Nani mwingine yamemkuta?

#2
Pole mkuu. Huyo ndiye mmiliki wa mafaili ya mfumo tangu Vista ya 2007. Admini hayafuti mpaka ajimilikishe kwanza. Mimi nilijimilikisha System32, folda ya mafaili muhimu ya Windows, nikaanza kufuta nilivyoona havina kazi. Jioni napiga Windows upya.

#3
Yangu ni ya Linux, na ni ya aibu. Nilitaka kujiongeza kwenye kundi la watumiaji wa docker (programu ya kuendeshea programu nyingine), nikaandika amri usermod -G badala ya usermod -aG. Hiyo a ndiyo "ongeza". Ukiisahau, unatolewa kwenye makundi mengine yote, la sudo (linalokupa mamlaka ya admini) likiwemo. Sikujua kitu mpaka nilipotoka na kuingia tena: jina langu halimo kwenye orodha ya sudo, na tukio hili litaripotiwa. Liripotiwe kwa nani, na mashine natumia peke yangu! Ubuntu, Linux ninayotumia, nayo akaunti ya root (admini mkuu) huja imefungwa.

Kilichoniokoa ni kuwasha upya kwa menyu ya rikava (recovery), nikaingia kama root bila kuulizwa neno la siri, nikajirudisha kundini. Furaha ikageuka baridi: kumbe yeyote anayeshika mashine yangu anaweza kufanya hivyohivyo? Wiki hiyohiyo nikasimba (encrypt) diski nzima.

#4
Hahaha, "litaripotiwa". Mimi siku ya kwanza nilidhani kibodi imekufa, maana niliandika neno la siri la sudo na hata kinyota hakikutokea.

#5
Wa Mac msicheke. Tangu toleo la El Capitan la 2015 hata root hagusi folda ya System.

#6
Mimi naunga mkono kuzuiwa. Wanangu walikuwa wanabofya "Yes" kila kompyuta ikiomba ruhusa, bila kusoma, nikawapa akaunti ya kawaida. Adhabu yake naitwa kila saa nije niweke neno la siri.

#7
Mleta mada, folda yenyewe inaitwaje?

Mleta mada:
Windows.old

#7
Aaa! Hayo ni mabaki ya Windows ya zamani, hayafutwi kwa mkono. Fungua Disk Cleanup, bofya "Clean up system files", weka tiki kwenye "Previous Windows installation(s)".

Mleta mada:
Imeondoka. GB 22. Saa mbili zangu jamani.