Msaada: kupekua rekodi za haki za mafuta Kaunti ya Martin, Texas, ukiwa Dar

Kidawa_Mbezi
Wakuu habari za leo. Marehemu shangazi yetu aliolewa Texas, mumewe akatangulia, na hawakujaliwa watoto. Sasa baba amepata barua hapa Mbezi, kuna kampuni inataka kununua haki za mafuta za marehemu. Eneo limeandikwa hivi: Section 14, Block 37, T-1-N, T&P RR Co. Survey, Kaunti ya Martin. Ndani wameweka hati iliyokwisha kuandaliwa, kazi ni kusaini tu. Bei kwa ekari imetajwa, idadi ya ekari haijatajwa. Nimeangalia tovuti ya kodi ya mali ya kaunti hiyo, jina la shangazi halipo. Ina maana hana kitu? Na upekuzi unaanzia wapi mtu akiwa Dar?

Mpimaji_Tegeta
Poleni na msiba. Hiyo hati iwekeni kabatini kwanza.

Kutokuwepo kwenye orodha ya kodi si ushahidi wa kukosa haki. Texas wanatoza kodi ya mali kwenye haki za mafuta zenye kisima kinachozalisha tu. Kama Section 14, yaani kile kipande cha ardhi kilichotajwa kwenye barua, ilikuwa haijachimbwa Januari 1 ya mwaka wa kodi, jina halitaonekana hata kama marehemu ana ekari mia. Na kama kisima kipo, huenda bado wanatumia jina la mumewe.

Umiliki wenyewe unatafutwa kwa karani wa kaunti, ofisi iko mji wa Stanton. Msidhani kuna hati miliki moja ya kuomba kama mlivyozoea kwa Msajili wa Hati hapa kwetu. Kule karani anatunza nakala ya kila hati inayoletwa kusajiliwa, anaipa namba, anaiweka kwenye faharasa mbili: ya watoaji na ya wapokeaji. Nani anamiliki nini ni kazi yako kuunganisha. Unaanza na faharasa ya wapokeaji kwa jina la shangazi na la mumewe, ujue walipataje. Ukipata hati, unasoma aliyewapa ni nani, unamtafuta yeye naye kama mpokeaji, unarudi nyuma hivyo hivyo hadi hati ya kwanza iliyotolewa na serikali. Kisha unageuka: kila jina ulilolipata unalitafuta kwenye faharasa ya watoaji kwa kipindi chote alichokuwa anamiliki, uone kama aliuza au aligawa kipande njiani. Watu wengi huruka hatua hii ya pili, wakaja kugundua babu wa ukoo aliuza nusu mwaka 1948.

Majina yetu yanasumbua sana kule. Mtu anayeitwa Zuhura Omari Sefu anaweza kuwekwa chini ya Sefu, au Omari, au ukoo wa mume. Jaribu mipangilio yote, pamoja na herufi ya kwanza tu ya jina la kwanza. Usitegemee kutafuta kwa namba ya section: hati za zamani mara nyingi maelezo ya eneo hayakuingizwa kwenye kompyuta, kwa hiyo utaambiwa hakuna wakati zipo.

Nakala ya kawaida kwa karani ni dola 1 kwa ukurasa, iliyothibitishwa unaongeza dola 5 kwa hati. Ukitaka kupiga simu, wakifungua saa mbili asubuhi yao, kwetu ni saa kumi jioni majira yao ya joto, na saa kumi na moja majira ya baridi.

Bomba_la_Mtwara
Mpimaji yuko sahihi, ila mimi ningeanza na ramani. Railroad Commission ya Texas, licha ya jina lake la reli, ndiyo inayosimamia mafuta na gesi kule. Haitunzi umiliki, hilo lieleweke, lakini ramani yao ya visima ni ya bure. Tafuta Kaunti ya Martin, sogeza hadi Block 37, fungua Section 14. Kisima cha mlalo kinachorwa kama mstari unaopita section mbili au tatu. Bofya upate namba ya kisima, kwa Martin zinaanza na 42-317, na namba ya lizi, yaani mkataba wa uchimbaji. Kwa namba ya lizi unaona uzalishaji wa kila mwezi kuanzia Januari 1993.

Kisha angalia vibali vya kuchimba. Kibali kinadumu miaka miwili. Kampuni za kununua haki huvisoma vibali kila siku, na barua kama hiyo ya baba mara nyingi inatoka pale kibali kipya kinapotolewa, kabla mrithi hajajua chochote.

Jambo la kuzingatia: huku kwetu madini na mafuta ni mali ya Jamhuri, mwenye kiwanja hana lake chini. Kule kilicho chini kinaweza kuuzwa peke yake, ardhi ya juu ikabaki kwa mwingine. Kwa hiyo ukikuta shangazi aliuza shamba mwaka fulani, usikate tamaa. Soma sehemu ya hati inayosema alichobakiza.

Kidawa_Mbezi
Ahsanteni sana. Nimepata hati kwenye faharasa ya wapokeaji kwa jina la mume. Inasema aliyemuuzia alibakiza nusu ya moja ya nane ya madini yote. Ni moja ya kumi na sita, siyo? Na ekari zinahesabiwaje?

Mpimaji_Tegeta
Ni ya mwaka gani? Kama ni ya miaka ya 1920 hadi 1950, usizidishe haraka. Zamani hizo mrabaha wa kawaida ulikuwa moja ya nane, na watu waliandika moja ya nane wakimaanisha madini yote. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua mwaka 2023, kesi ya Van Dyke na Navigator, kuhusu hati ya 1924 ya Kaunti hiyo hiyo ya Martin yenye maneno ya aina hiyo. Ikasema waliobakiza walibakiza nusu nzima. Kwenu hilo linakata upande mwingine: muuzaji akiwa alibakiza nusu, mume alipata nusu tu badala ya kumi na tano za kumi na sita. Hapo lipieni wakili wa Texas asome hati zote kwa pamoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano: hati inahusu robo ya section, ekari 160. Nusu ya madini ni ekari halisi 80. Warithi wanne sawa kwa sawa, kila mmoja 20. Kama eneo la kisima ni ekari 1,280 na mkataba wa uchimbaji unatoa mrabaha wa robo, basi 20 ÷ 1,280 × 0.25 = 0.00390625. Namba hiyo ndefu ndiyo mtakayoikuta kwenye karatasi za malipo, kwa hiyo hesabuni wenyewe kabla ya kuletewa.

Angalieni pia kama hati ilitoa madini au mrabaha tu, na kama ina muda. Zipo zinazosema miaka 20 na kuendelea maadamu mafuta yanatoka. Uzalishaji ukisimama baada ya hapo, haki imekufa na hakuna wa kuwaambia.

Kabati_la_Mirathi
Naongeza la mirathi kwa sababu hapo ndipo familia hukwama. Barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo haihamishi ardhi ya Texas. Haki za mafuta ni ardhi, zinafuata sheria ya zilipo. Kama hakuna wosia, shangazi hana mume wala mtoto na wazazi wamefariki, zinakwenda kwa ndugu zake na watoto wa ndugu waliofariki. Wakiwepo ndugu wa tumbo moja na baba mmoja pamoja na wa mzazi mmoja tu, wa mzazi mmoja wanapata nusu ya fungu la wenzao. Semeni ukweli wa nyumba mbili mapema, la sivyo kiapo cha urithi, yaani hati ya kiapo inayotaja warithi, kitapingwa. Kiapo hicho kinasajiliwa kwa karani huko Stanton.

Tafuteni jina la marehemu pia kwenye mali zisizodaiwa za jimbo, tovuti ya Comptroller, mkuu wa hazina wa jimbo. Mrabaha usiochukuliwa miaka mitatu hupelekwa huko. Kudai ni bure, na wakala anayekusaidia hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 kisheria.

Kidawa_Mbezi
Baba anauliza, akiamua kusaini kitu baadaye, asaini wapi?

Kabati_la_Mirathi
Ubalozi wa Marekani, Msasani. Unaweka miadi, unakwenda na pasipoti na hati isiyosainiwa, unasaini mbele ya afisa. Dola 50 kwa kila muhuri, kwa hiyo msipeleke karatasi tano zenye sehemu tano za muhuri bila sababu.

Na kabla ya hapo soma kichwa cha ile hati kabatini. Ikiwa ni mkataba wa uchimbaji, anakodisha. Ikiwa ni hati ya madini na mrabaha, anauza moja kwa moja. Nyingine zina kipengele kinachofagia kila alichonacho marehemu kaunti nzima, si Section 14 peke yake. Akibaki na haki na kulipwa mrabaha, Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo wanakata asilimia 30 ya jumla asipochukua utaratibu wa kutozwa kwenye faida. Fomu ni W-8BEN kwa njia ya kwanza, W-8ECI kwa ya pili, na hii ya pili inahitaji namba ya mlipakodi ya Marekani. Kuipata namba hiyo huchukua muda, aanze sasa.