Mfumo dume: je, neno hili linawatukana wanaume?

Wadau, kuna hoja inayorudi kila tukigusa jambo hili: kwamba "mfumo dume" ni tusi, kwa sababu dume ni la mnyama na binadamu ni mwanamume. Wenye hoja hiyo wanataka tuseme "mfumo baba", maana ndivyo zinavyosema lugha nyingine.

Kuhusu lugha nyingine, kwa sehemu kubwa wamesema kweli. Kiyunani kilikuwa na patriarkhes, mkuu wa ukoo: patria ni ukoo, neno lililozaliwa na pater, baba, arkho ni kutawala. Halikuwa na lawama hata chembe. Waebrania 7:4 inamwita Ibrahimu hivyo kwa heshima. Kiarabu kinasema abawiya, kutoka ab, baba. Wachina wanayo yote mawili: fuquan, mamlaka ya baba, na nanquan, mamlaka ya mwanamume.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani. Katika sheria ya Roma ya kale, baba aliwatawala hata wanawe wa kiume waliokwisha kuota ndevu. Mtu wa miaka 40 ambaye baba yake yu hai, kwa kawaida hakuwa na mali yake mwenyewe. Alichochuma kilikuwa cha baba. Neno dume linamfuta mtu huyo, linampanga na watawala kwa sababu tu ni mwanamume. Hapo nakiri tumepoteza kitu.

Lakini tusi? Hapana. Mwanaume akisifiwa "wewe ni dume" hakasiriki. Na mbona nusu ya kwanza ya neno hatuisomi? Mfumo umetoka kwenye kufuma. Nyuzi zinapishana, huu juu, ule chini, hadi kitambaa kishikane; ukivuta mmoja, wa jirani nao unakaza. Mama anayemwinua binti kitini ili kaka yake akae, naye anafuma. Kiyunani kilimtaja mtawala, kikaishia hapo. Sisi tumeitaja kazi ya mikono mingi, ya wanawake ikiwemo, na kwa hilo nalipenda sana neno letu.

Sasa anayeshikilia "mfumo baba" anijibu: kaka anayeamua dada yake aolewe na nani, mume asiye na mtoto lakini neno lake ndilo la mwisho, meneja anayempunja mwanamke mshahara kwa kazi ileile, hao wanatawala kwa ubaba upi?