Mwenzangu hasikii besi, naomba ushauri

Wadau, hamjambo. Hapa Kisumu tunajifunza kucheza salsa na rumba ya Kikongo, wawili wawili. Salsa haitusumbui: tunahesabu hadi 8, ya 4 na ya 8 tunapumua. Kazi iko kwa rumba. Waimbaji wakiimba tunaenda sawa, taratibu, nyonga zikifuata besi, lile gitaa la sauti nzito. Sebene (ile sehemu ya kasi ambayo magitaa yanatawala) likiingia na gitaa la solo kuchachamaa, mwenzangu anasahau kuna mtu mikononi mwake. Vidole vinanikaza begani, ananivuta kabla mdundo haujafika. Nikimwambia asikilize besi, anasema haisikiki (spika za pale, kweli, ni kelele tupu). Amenizidi umri, sitaki kumvunjia heshima. Wazoefu, nimwelekezeje? Au sebene likianza tuachiane mikono, kila mtu ajimwage kivyake?