Skuli zetu ziingie Linux, au tutawaonea watoto?

Maalim Tunguu
Assalaam alaykum. Nasomesha kompyuta skuli ya sekondari hapa Unguja. Microsoft walisimamisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu nyingi ni za msaada, zimechoka. Windows 11 inazikataa, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya. Nimependekeza tuweke Linux Mint, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta pahala pa Windows, na LibreOffice pahala pa Word na Excel. Haina malipo, na kwenye ramu ya GB 4 inakwenda. Kikao kimegawanyika: wenzangu wanasema mtoto akimaliza ataulizwa Word na Excel. Mnaonaje? Kwa hoja, tafadhalini.

Mla Urojo
Maalim, wasomeshe watoto kinachotumika. Kuanzia Vuga mpaka Chake ofisi zote ni Word. Mtoto kwenye usaili anaambiwa fungua Excel, anabaki kukodoa macho! Na kuna mji wa Ulaya ulijitia kuhama ukarudi mbio, Berlin sijui, mtautafuta.

Ngalawa
Munich, si Berlin. Waliamua 2003, wakahamisha maelfu ya kompyuta, na 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Ila hadithi imalizie: jimbo jengine la huko huko Ujerumani, Schleswig-Holstein, lilitangaza 2024 kuwa linahamisha kompyuta 30,000 ziende LibreOffice na kisha Linux. Gendarmerie ya Ufaransa, polisi wao wa kijeshi, wako kwenye Ubuntu, Linux nyengine, miaka. Na hiyo simu unayoandikia, kama ni Android, kiini chake ni Linux. Wanaoona tabu ni waliozoea Windows ya wizi ya Darajani.

Fundi wa Mlandege
Ngalawa, hapo kwenye "wizi" nakuomba urudi. Mie ndiye ninayewapigia watu Windows. Nina duka, nalipa kodi. Ninachotoza ni kazi ya mikono yangu: kufungua mashine, kutoa vumbi, kuokoa mafaili ya mtu aliyechomeka flashi yenye virusi kisha anakuja analia. Windows simuuzii mtu. Kama wewe hujawahi kupigiwa Windows na fundi, sema wallahi.

Ngalawa
Siapi kwa mambo ya kompyuta. Lakini kile kifaili unachokibonyeza mwisho, kile ambacho lazima uzime antivairasi kwanza, kile cha nini?

Binti Wete
Fundi kashikwa.

Ustadh Kiponda
Suala hili si la mzaha. Mafakihi wa baraza la fiqhi la Jeddah walilitolea azimio, kama sikosei 1988, kwamba haki za mtungaji na mvumbuzi ni mali ya mwenyewe na haijuzu kuzivamia. Programu iliyovunjwa kufuli ni dhulma, na ujira wa kuivunja una shubuha.

Fundi wa Mlandege
Ustadh, nakuheshimu. Hizo PDF za mawaidha unazosambaza kila Ijumaa umeziandikia Word ipi? Uliinunua?

Ustadh Kiponda
Laptopu nililetewa na ndugu yangu kutoka Maskati, ikiwa na kila kitu ndani. Sikuulizia.

Mla Urojo
Mwivi wa nazi naye husema alizikuta zishaanguka.

Mzee wa Jongowe
Msimvamie Ustadh. Na wewe Ustadh usifunge milango yote. Nimepata kusikia wanazuoni wanaomruhusu mwanafunzi asiye na uwezo, kwa kusomea tu, bila kufanyia biashara. Azimio la Jeddah halikumtaja mtoto wa skuli ya Tumbatu.

Ustadh Kiponda
Mwanafunzi masikini na ofisi ya wakili si hali moja, shekhe wangu. Fundi anawapigia wote kwa bei moja na kifaili kimoja.

Fundi wa Mlandege
Basi COSOTA, watu wa hakimiliki, waje wanifungie duka, mpumzike.

Ngalawa
COSOTA ni ya Bara. Hapa tuna COSOZA, na sheria yetu wenyewe ya hakimiliki ya 2003. Hata wa kukufungia humjui!

Fundi wa Mlandege
Umekaa kunisomea sheria nikose riziki. Wewe kazi yako ipi hasa? Kila saa uko hapa.

Maalim Tunguu
Jamani, skuli. Hoja ya Word na Excel bado haijajibiwa. Mie naona aliyejifunza kupanga jedwali na kuandika fomula kwenye Calc, ile Excel ya LibreOffice, hatopotea Excel, SUM ni ile ile. Tabu yangu ni nyengine: tukifungua waraka ulioletwa kwa Word, mistari inaruka ukurasa wa pili. Nani ana dawa?

Binti Wete
Maalim, hiyo ni fonti. Weka Carlito, vipimo vyake ni vile vile vya Calibri, fonti ya Word. Pahala pa Cambria weka Caladea. Na mkitaka kuokoa bando, mashine moja ishushe masasisho, nyengine zote zichukue kwake kwa waya wa ndani. Huku Wete darasani kwetu ndivyo tunavyofanya, na flashi zenye virusi vya Windows hatuziogopi.

Mzee wa Jongowe
Ahsante binti. Na niongeze: 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo wa programu, yale maandishi yanayoiunda, ulikuwa wazi, hawakumpigia mtu magoti. Kwangu mie hiyo ndiyo hoja, kuliko bei.

Mla Urojo
Kiswahili chenyewe kitoke Unguja, ofisi ya Kiswahili itoke Dar. Sawa. Ila kumbe Linux ngome yake Pemba! Si ajabu. Kompyuta zikichoka Unguja hupelekwa huko, lazima mtafute kitu cha bure.

Binti Wete
Maneno hayo hukuyaanza wewe, tumeyakuta na tutayaacha. Karafuu za serikali zinatoka wapi? Hiyo mashine kuukuu unayoicheka ilipigwa Mint na msichana wa kidato cha pili, peke yake. Wewe na mashine yako ya i7 yenye nguvu unakaa benchini Mlandege unamsubiri fundi.

Mla Urojo
Mzaha tu, bibie.

Binti Wete
Mzaha unakuja huku tu, hauendi upande wa pili.

Ngalawa
Kweli kabisa. Na wakati ule waya wa umeme wa baharini ulipokufa, mwisho wa 2009, waliokaa gizani miezi mitatu ni Unguja.

Mla Urojo
Umeme umeingiaje tena hapa?

Fundi wa Mlandege
Nyie endeleeni. Tangu mjadala huu uanze nimeshapigiwa simu na wateja wanauliza hiyo Mint. Nawawekea. Bei ile ile ya Windows.

Mla Urojo
Kitu cha bure unatoza?!

Ngalawa
Anaruhusiwa. Leseni ya GPL, ya programu huru kama Linux, haikatazi kutoza. Stallman mwenyewe, aliyeanzisha hii harakati ya programu huru, miaka ya 1980 alikuwa akiuza tepu za Emacs, programu yake ya kuandikia, dola 150.

Fundi wa Mlandege
Leo Ngalawa kanitetea. Nitaweka tarehe ukutani.

Ustadh Kiponda
Fundi, hapo Mlandege unafungua mpaka saa ngapi?

Fundi wa Mlandege
Mpaka Magharibi, Ustadh. Mafaili yako yahifadhi kwenye flashi kwanza, na hiyo flashi usiichomeke pengine popote njiani.

Maalim Tunguu
Kikao chetu ni Jumatatu. Binti Wete, yule msichana wa kidato cha pili anaweza kuwaandikia wanafunzi wangu hatua alizofuata?

Binti Wete
Ataandika. Mla Urojo bado hajaniomba radhi.